Usiku wa kwanza hemani na mtoto wa miaka miwili, Msitu wa Kakamega

Marafiki wakisikia kwamba tulimpeleka binti yetu Neema kulala hemani katika Msitu wa Kakamega kabla hajatimiza miaka mitatu, maswali yao huwa ya mchana. Alikula nini? Alichezea nini? Hakuwachosha? Nikiwajibu wanabaki wakinitazama, maana mchana haukuwa na neno. Mtoto wa umri ule mpe udongo, kijiti na kopo la maji, naye hatadai kitu hadi njaa imwume. Kazi ilianza jua lilipozama. Kupiga kambi na mtoto mdogo ni shughuli ya usiku, na yale yaliyotufaa ni yale tuliyoyapanga tukiufikiria usiku.

Nyanya yake, ambaye boma lake liko Vihiga karibu na Mbale, alipoambiwa kwenye simu alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Kwani nyumba ya Kisumu imeungua?" Baba Neema akacheka. Nyanya hakucheka. "Mtoto analala kwenye nyumba," akasema, akahamia habari za mahindi. Sikumlaumu. Kwa watu wa umri wake, kulala nje msituni ni jambo linalompata mtu, halifanywi kwa hiari, sembuse kulilipia.

Mahali tulipachagua kwa kuondoa yasiyofaa. Baba Neema alitaka Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na ni pazuri kweli, lakini pana simba, chui na nyati, na nyani wa pale wamezoea watu kiasi cha kumnyang'anya mtoto ndizi mkononi. Kisiwa cha Ndere kiko karibu nasi hapa Kisumu, ila kufika ni kwa boti, na homa ikipanda saa nane usiku boti huipati. Kakamega haina simba, na ndovu na nyati walikwisha zamani. Barabara ni ya lami hadi karibu na lango la Buyangu, upande wa kaskazini unaosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mji wa Kakamega, wenye hospitali ya rufaa ya kaunti, uko kilomita kama 20 hivi. Hapo ndipo nilipokubali. Uzuri wa msitu, kwamba ndio kipande cha msitu wa mvua kilichobaki Kenya chenye udugu na misitu mikubwa ya Kongo, hilo nililiweka nafasi ya pili.

Hema tulilinunua mitumba pale soko la Kibuye, Jumapili. Lilikuwa zima ila halikuwa na vigingi vya kutosha, kwa hiyo fundi wa jua kali akatukatia vipande vya nondo na kuvipinda kichwa. Aliviacha virefu kuliko vile vya dukani, na baadaye nikamshukuru, kwa sababu udongo wa msituni ni laini na kigingi kifupi kinang'oka kikivutwa kidogo. Juu ya hema tulipanga kutandaza karatasi kubwa ya nailoni, ile ya kufunikia mahindi. Usidharau nailoni. Hema la mitumba mishono yake imechoka, na Kakamega mvua haiulizi mwezi. Tulikwenda Januari, msimu mkavu, na bado ilinyesha.

Kabla ya safari tulilisimamisha hema sebuleni tukamwacha Neema alizoee. Baba yake alidhani atapenda kujificha ndani. Alichopenda ni zipu. Aliishika ile chuma ndogo kwa vidole viwili, ulimi nje, akaivuta polepole hadi chini, akachungulia, akasema "Hodi," akaivuta tena hadi juu. Aliendelea hivyo mpaka uji ukapoa. Nilimwangalia nikafurahi, kisha nikajiuliza: na saa tisa usiku je? Siku hiyo hiyo nikatafuta uzi wa kiatu. Zipu mbili za mlango nikazifunga pamoja kwa ndani, juu kabisa, fundo la kipepeo ambalo mtu mzima analivuta mara moja likafunguka. Usifunge fundo gumu, wala usitie kufuli. Pakiwaka moto au mtu akiugua ghafla, mlango lazima ufunguke upesi gizani.

Tuliondoka asubuhi baada ya chai, tukijua kwamba atalala garini kuanzia mlima wa Riat. Alilala kweli, akazipita Kiboswa na Chavakali bila habari, hata jiwe la Ilesi linalolia, ambalo baba yake alikuwa ameliandalia hotuba. Kakamega mjini tukanunua maji, ndizi na mkate. Langoni malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo lipia mapema, mtandao ukiwa bado mzuri.

Tulifika kabla ya adhuhuri, na nakusihi ufanye hivyo hivyo. Mvua ya huku hupenda alasiri, na kusimamisha hema huku inanyesha ukiwa na mtoto mgongoni ni kujitafutia ugomvi wa ndoa.

Tuliona mahali pazuri, tambarare, chini ya mti mkubwa. Kijana wa pale anayetembeza wageni alikuja kutusalimia, akatutazama tukifungua mizigo, kisha akaanza kuzunguka uwanja ameinamisha kichwa kama anatafuta sarafu. Akachuchumaa. "Mama, njoo uone." Kwenye majani makavu palikuwa na mstari mwembamba, mweusi, unaotembea. Siafu. Askari wenye vichwa vikubwa walisimama pembeni taya wazi, na wadogo wakapita katikati kwa haraka, wengine wamebeba vitu vyeupe. Ulikuwa hatua chache tu kutoka tulipoweka godoro. "Hawa usiku wanahama," akasema. "Wakikuta hema njiani hawazunguki, wanaingia." Akatuonyesha sehemu nyingine, mbali na miti mikubwa, kwenye nyasi fupi, akaikagua nayo vile vile. Akatueleza pia kwamba matawi yaliyokauka huanguka msituni hata pasipo upepo, na ndiyo maana yeye halazi mtu chini ya mti mkubwa. Jikoni kwa walinzi tukapewa debe la majivu, tukayamwaga kuzunguka hema. Majivu yakilowa hayafai, kwa hiyo mengine tuliyaweka akiba ndani ya mfuko.

Siafu mmoja mmoja ni maumivu tu na kelele. Kundi juu ya mtoto aliyelala ni jambo jingine kabisa. Ukienda Kakamega na mtoto, kazi ya kwanza ni kuzunguka uwanja ukiangalia chini, na kazi hiyo irudiwe jioni kabla ya kulala. Soksi juu ya suruali, na viatu vilale ndani ya hema, vikung'utwe asubuhi. Nyoka pia wapo, msitu huu una sifa hiyo. Sisi hatukumwona hata mmoja, ila gizani hakuna aliyekanyaga asipomulika.

Mchana nilisema haukuwa na neno, basi nitaupitia haraka. Juu yetu kulikuwa na mbega, wale weusi wenye mabega na mikia myeupe, wakiruka kutoka mti hadi mti. Alipita pia ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, ambaye watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona. Baba Neema alimnyanyua mwanawe, akamwelekeza kidole, akamgeuza kichwa kwa mikono. Neema alikuwa anatazama chini. Alikuwa ameona jongoo, mnene kuliko kidole changu, anavuka njia. Alichuchumaa mbele yake. Jongoo alipojikunja akasema, "Amelala," akangoja. Jongoo alipojikunjua akasema, "Ameamka." Tulisimama pale hadi miguu yetu ikafa ganzi, na mipango yetu ya kupanda kilima cha Buyangu kuangalia msitu kutoka juu ikayeyuka. Nilitaka kumharakisha, kisha nikaona sina haja. Huyu atachoka pale pale alipo, na mtoto aliyechoka vizuri mchana ni nusu ya kazi ya usiku.

Alasiri radi zikaanza. Eneo hili lote, kutoka Kakamega hadi Kisii, radi zake si za mchezo, na hapo tulikuwa tumeshakubaliana: radi ikisikika, wote garini. Hema halikingi radi. Gari lenye bodi ya chuma, madirisha yamefungwa na mikono mbali na vyuma, ni salama zaidi sana. Neema alikaa kwenye usukani, akatuendesha hadi "kwa nyanya," akashusha abiria, akadai nauli. Mvua ilipiga paa, nasi tukala mayai ya kuchemsha na chapati tulizobeba. Ikapita. Nailoni ilikuwa imefanya kazi yake, ndani palikuwa pakavu.

Sasa usiku wenyewe.

Huku karibu na ikweta jua halichelewi. Saa kumi na mbili na nusu jioni, chini ya miti ile, ilikuwa tayari nusu giza, na saa moja na nusu ilikuwa giza totoro. Kwa hiyo saa kumi na moja tulianza kufanya kila kitu kama kifanyikavyo nyumbani, kwa mpangilio ule ule. Kuoga kwanza: nilipasha maji kwenye meko, nikamwogesha kwenye karai lake mwenyewe, lile jekundu, ambalo Baba Neema alilalamika kwamba linajaza buti. Kisha mafuta. Kisha nguo za kulala. Kisha uji wa wimbi. Kisha hadithi. Shuka lake nililibeba bila kulifua, makusudi, linuke kitanda chake. Ningebeba kitu kimoja tu kutoka nyumbani ningebeba hilo shuka, na vichezeo vyote vingebaki. Na kweli vichezeo alivyobebewa hakuvigusa. Alicheza na kigingi cha akiba.

Baridi ilinipa mawazo mengi kabla ya safari. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na watoto wetu hulala na fulana tu. Msitu uko kwenye mita 1,600 hivi, una unyevunyevu, na baridi ya alfajiri huko inapenya. Baridi mbaya zaidi hutoka chini. Tulitandika katoni zilizofunguliwa, juu yake godoro la sponji, ndipo shuka na blanketi. Neema hajawahi kulala na blanketi likakaa juu yake, hulipiga teke. Basi tulimvisha joto lenyewe: fulana, suruali ya kubana, sweta, soksi, kofia nyepesi, halafu ovaroli ya kulalia juu. Nikawa nampapasa shingo nyuma kila nikiamka. Ikiwa na jasho napunguza, ikiwa baridi naongeza. Mikono na pua hudanganya, huwa baridi hata mtoto akiwa na joto lake. Ile mifuko ya kulalia ya watu wazima sikuiona faida kwake, maana mtoto huteremka ndani hadi kichwa kikazama.

Jirani zetu kambini walikuwa vijana, na baridi ilipokaza mmoja wao akaanza kulisogeza jiko la makaa kuelekea mlango wa hema lao. Baba Neema alinyanyuka akaenda kuzungumza nao, kwa upole, na wakalirudisha nje. Hapa sina upole. Jiko la makaa halilali ndani ya hema, wala ndani ya chumba kilichofungwa, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Ile hewa yake, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Kila mwaka tunasikia familia iliyolala na jiko. Mtoto akihisi baridi, mkumbatie, muongezee sweta, au mwende garini.

Tulipozima tochi Neema alisema, "Washa."

Sikuwa nimefikiria kwamba hajawahi kuona giza. Mtaani kwetu stima ikipotea, jirani ana sola, barabarani kuna taa za boda, kuna simu. Giza la pale lilikuwa kitu kingine, unafungua macho usione tofauti. "Washa," akarudia, sauti ikaanza kutetemeka. "Twende nyumbani." Tochi ukiiwasha ndani ya hema vivuli vinakuwa vikubwa vya kutisha, na wadudu wote wa kaunti wanakuja. Tulichofanya ni kuchukua taa ndogo ya sola, tukaiweka pembeni miguuni na kuifunika na leso yangu ya manjano. Ukabaki mwanga hafifu tu, wa kuona kwamba mama yupo.

Halafu zikaja sauti. Msitu ule haulali. Kuna nyenje, kuna vyura wa aina nisizozijua, na kuna kitu kilicholia juu ya mti, kijana alituambia baadaye ni komba. "Nani huyo?" Neema akauliza. Kumwambia mtoto "si kitu, lala" hakusaidii, kwa kuwa amesikia kitu na anajua amesikia. Nikamwambia ni chura. "Anasema nini?" Anamwita mama yake. "Na huyo?" Nyenje. "Anasema nini?" Anasema usiku mwema. "Na huyo?" Huyo ni baba, anakoroma. Tuliendelea hivyo, mimi nikitunga majibu, yeye akiuliza kwa sauti inayozidi kuwa nzito, mpaka swali moja likakatikia katikati.

Aliamka usiku wa manane kwa ajili ya haja. Poti ilikuwa ndani, kwenye ile sehemu ya mbele ya hema, kopo la maji na nepi za akiba pembeni yake kwa mpangilio ambao mkono unaujua. Ukimtoa mtoto nje gizani kufuata choo cha kambi, ukarudi naye, huyo ameshaamka na usingizi wenu wote umekwisha.

Kabla hakujapambazuka mbega wakaanza. Kama hujawahi kusikia, dume mmoja huanza mngurumo mzito, wa kukwaruza, na jirani yake anajibu, na mwingine kule mbali, hadi msitu mzima unatetema. Hata mimi niliyejua nilishtuka. Nikamgeukia Neema nikitarajia kilio. Alikuwa amekaa, kofia imeziba jicho moja, anasikiliza. "Boda," akasema. "Haiwaki."

Baba yake alicheka mpaka hema likatikisika.

Kuhusu mbu, sisi wa Kisumu hatuendi Kakamega kufuata malaria, tunayo nyumbani. Lakini kuzoea ugonjwa si kinga. Tulining'iniza chandarua chenye dawa ndani ya hema, kwa kuwa mlango unafunguliwa mara nyingi jioni na mbu huingia na watu. Chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 katika kaunti zetu za magharibi, Neema alimaliza dozi zake, hata ile ya mwisho ambayo wazazi wengi huisahau. Nayo haiondoi haja ya chandarua. Dawa ya kupaka nilimpaka mimi mwenyewe, nikaruka viganja kwa kuwa bado ananyonya vidole, na nilisoma chupa kwanza: zile za mafuta ya mkalitusi wa limau hazishauriwi kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, ingawa zinauzwa kama kitu cha asili na salama. Na tuliporudi nikawa macho na homa kwa wiki kadhaa, kwa maana malaria ya mbu wa leo huonekana baada ya wiki moja au zaidi, wakati wewe umeshasahau safari. Homa ikija, kwanza kipimo, ndipo dawa.

Usiku uliofuata ulikuwa mwepesi zaidi. Yeye ndiye aliyetuongoza: karai, mafuta, uji, leso juu ya taa. Nilipoisahau leso alinikemea. Giza lilikuwa lile lile na vyura wale wale, ila alijua kinachofuata baada ya kingine, na nadhani hilo ndilo mtoto analolitaka, mahali pawe popote.

Baba Neema sasa anataka Mlima Elgon. Ameshaangalia kambi za karibu na lango la Chorlim, na anasema kwa kuwa Kakamega tuliweza, huko tutaweza. Mimi nimemwambia tungoje kidogo. Kule ni juu zaidi na baridi yake ni ya sweta mbili. Halafu kuna pango la Kitum, ambalo ndovu huliingia usiku, gizani, kukwangua mwamba kwa pembe wakitafuta chumvi. Ndovu wanaotembea usiku, na binti yangu anayezijua zipu zote za Kisumu. Akifika miaka mitano tutazungumza.